Damu: Safi

Siku Mwalimu alipotokea kibarazani kwangu amevaa ndala, nilisimamisha cherehani. Miaka yote niliyomfahamu, tangu aliponifundisha baiolojia sekondari mpaka tukawa majirani wa fremu hapa Bariadi mjini, sikuwahi kumwona bila viatu vyeusi vya kamba vilivyopigwa rangi. Vumbi letu la kiangazi halimheshimu mtu, lakini kwake lilikuwa na adabu. Sasa miguu ilikuwa imevimba mpaka ngozi inang'aa, na ndala zenyewe zilikuwa za mkwewe, maana zake zilikuwa hazimwingii.

"Mwalimu, viatu vimekwenda wapi?"

"Vimepumzika."

"Na miguu?"

"Miguu imenenepa. Uzee huo, Fundi. Shona nguo za watu."

Alikaa kwenye benchi letu, akajikuna juu kidogo ya kifundo cha mguu, na pale kidole kilipobonyeza pakabaki shimo. Nililitazama lile shimo lilivyochelewa kujaa. Akaniona ninavyotazama, akavuta suruali chini.

"Nimejipima asubuhi," akasema. "Safi."

Niliogopa siku ile, na sikujua naogopa nini. Nilijua tu kwamba mtu aliyevimba miguu hivyo si mzima, na kwamba mtu huyo hatakwenda hospitali hata nimfunge kamba.

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake. Yeye mwenyewe hakupenda mazungumzo hayo. Ukimuuliza alizaliwa wapi, alikujibu kwamba siku hiyo hakuwa na akili za kushuhudia, kwa hiyo anachojua ni cha kuambiwa. Ndiyo ilikuwa fimbo yake darasani. Mwanafunzi akisema mbu analeta malaria, au popo ni ndege, au fulani ameiba kalamu, Mwalimu aliinamisha miwani akauliza: "Umeona, au umeambiwa?" Ukisema umeona, uonyeshe. Ukisema umeambiwa, ukae chini. Tulichukia swali hilo kupita viboko, maana viboko vinaisha. Mpaka leo kuna watu wazima mjini hapa, wenye maduka na wajukuu, ambao ukiwauliza hivyo kwa utani wanasimama wima.

Kwenye mfuko wa shati alibeba chaki, hata baada ya kustaafu. Haikuwa ya ukumbusho. Alikuwa akisahihisha mabango ya watu. Kinyozi aliandika "KINYOZ WA KISASA", asubuhi akaikuta "I" imeshawekwa. Mama ntilie aliandika "CHAPTI ZIPO", akaongezewa "A" bila kuombwa. Mlango wangu niliuandikia "TUNASHONA NGUO ZA AINA ZOTE", nikajisifu kwamba hana pa kunishika. Alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma, kisha akachora mstari chini ya neno "zote" na kuandika pembeni "?". Nikamfuata nikiwa nimekasirika kweli.

"Unajua kushona kanzu?" akaniuliza.

"Sijui."

"Basi si zote."

Nililifuta. Nilimpenda yule mzee, na alinikera karibu kila siku ya Mungu.

Wala msidhani alikuwa malaika wa ukweli. Kwenye drafti alikuwa mwizi mkubwa. Kete ilihama ukigeuka kumsalimia mteja, na ukimshika alikuuliza kama umeona. Alitukataza watoto kunywa soda, naye akawa anazinywa dukani kwa Mzee Duka, yule Mwislamu wa fremu ya tatu, huku ameupa barabara mgongo. Na yeye aliyetupasulia vyura mbele ya darasa, akiinua moyo mdogo unaodunda kwa ncha ya wembe bila hata kukunja uso, alikuwa anaogopa sindano.

Habari ya sindano kila mtu wa rika langu anaijua. Lilikuja gari la kukusanya damu shuleni. Kwetu huku gari lolote linaloomba damu huanza kwa kushukiwa, na watoto tulikuwa tumejazwa hadithi za wanyonya damu wanaouza chupa zetu ng'ambo. Hakuna aliyejitokeza. Mwalimu akatuita mbumbumbu, akakunja mkono wa shati, akakaa kwenye kiti mbele ya shule nzima ili tuone. Mpira wa kufungia mkono ulipokazwa, tukamwona anageuza uso. Sindano haijagusa ngozi, Mwalimu chini. Shule nzima ilitimua mbio. Wengine walifika makwao Binza siku hiyo hiyo, umbali ambao hata leo nashangaa waliumaliza vipi, wakawaambia wazazi kwamba Mwalimu amenyonywa damu akaisha.

Alipozinduka alicheka pamoja nasi. Lakini mkono wake haukunyooshwa tena kwa sindano, na sisi tulichukulia kuwa ni kichekesho tu.

Kisha mke wake akaugua. Mama yule alikuwa mpole, mpika ugali wa mtama, ambaye alimwita mumewe "ngosha", yaani dume kwa Kisukuma, mbele za wanafunzi makusudi ili tumcheke. Alianza kwa kuchoka. Hospitali wakamchukua damu, chupa kadhaa, wakasema kipimo chenyewe hapa hakuna, itapelekwa Mwanza. Mwalimu akawa anakwenda kwenye dirisha la maabara kila asubuhi, viatu vinang'aa, anasalimia, anauliza. Anajibiwa: "Majibu bado." Hawakumjibu kwa ukali. Mara gari halijatoka, mara mashine ya huko imeharibika, mara lebo ya chupa imefutika, achukuliwe damu upya. Mama alizikwa majibu yakiwa bado. Yalikuja tukiwa matangani. Mfanyakazi mmoja wa hospitali, mtu muungwana kabisa, aliyaleta mwenyewe ndani ya bahasha na kutoa pole. Mwalimu alimshukuru, wabeja sana, akaichukua bahasha bila kuifungua, akaitia chini ya sufuria motoni. Nilikuwa nakoroga chai ya wageni. Niliona.

Tangu hapo alikuwa akipita barabara ya nyuma ili asilione geti la hospitali.

Kwa hiyo walipokuja vijana wa kampuni moja ya kupima damu kwa tone, walimkuta mtu aliyekuwa akiwahitaji siku nyingi, wao ndio waliochelewa kumfikia. Walikuja na pikipiki mpya na tisheti za buluu, wana maneno ya Dar, wachangamfu. Walikuwa na kimashine cheupe kinachoenea kiganjani, chenye kioo, na vikadi vidogo. Unatobolewa ncha ya kidole kidogo tu, tone linakwenda kwenye kadi, kadi inaingia kwenye mashine. Figo, ini, sukari, wingi wa damu, vyote kwa tone moja. Kijana mkuu alisema maabara za hospitali ni mambo ya kizamani na zitabaki kuwa stoo za madaftari.

"Tunakuja kuua foleni, mzee wangu. Mtu wa Nkoma huko, wa Mwamanyili, kwa nini alale kwenye korido kusubiri chupa iende Mwanza?"

Kwa neno Mwanza, Mwalimu alisogeza kiti karibu. Lakini hakuwa mtu wa kununuliwa rahisi. Akainamisha miwani.

"Hayo umeyaona, au umeambiwa?"

Kijana akacheka, akajitoboa mwenyewe hapo hapo, akaweka tone. Kimashine kikawaza kidogo, kikawaka kijani, na kwenye kioo yakatokea maneno makubwa: DAMU: SAFI.

Mwalimu akaomba atobolewe na yeye. Hakuanguka. Alilitazama tone lake, akatazama kijani ikiwaka, na machozi yakamlengalenga. Siku hiyo hiyo akawa wakala.

Nami nilikuwepo wakifundishana. Kijana alisema, kwa haraka, kama mtu anayemalizia sala, kwamba ikishaandika hivyo mteja aambiwe asubiri ujumbe wa majibu kwenye simu. Mwalimu alirudia maneno hayo mara ya kwanza na ya pili, neno kwa neno, kama alivyotutaka sisi turudie. Wateja wa mwanzo walipata kweli ujumbe, mrefu, umejaa herufi na namba ambazo hakuna aliyezielewa. Baadaye ujumbe ukawa unachelewa. Baadaye haukuja. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu jibu kila mtu alikuwa ameshaondoka nalo.

Mtu wa mbali anaweza kutucheka, lakini ajue neno lenyewe lina uzito gani huku. Ukisema mtaani "nimekwenda kupima damu", hakuna anayefikiria figo. Wanafikiria ugonjwa ule mmoja, wanakutazama kuanzia nywele. Na aliyetoka salama hasemi namba. Anasema, "Damu yangu safi." Ndilo neno watu wanalotembea kutoka vijijini kulitafuta, na ndilo wanalooa na kuolewa nalo. Sasa liko hapa, kwa maandishi ya kijani, bila foleni, bila jirani kukuona kwenye lile dirisha. Ukija kwa Mwalimu unaonekana umekuja kwa fundi kupunguziwa sketi. Watu walitoka pale wameshika kifua, wanashukuru. Kina mama waliniachia mahindi ya kuchoma nimpe Mwalimu. Kwenye mlango wake akaandika kwa chaki, herufi nzuri za ubaoni: PATA MAJIBU YAKO KWA TONE MOJA. Nikatafuta kosa nimsahihishe nami nifurahi. Sikuliona.

Hospitali nako sitasema uongo kwamba kulikuwa kuzuri. Mtaalamu wa maabara, dada mmoja mnene mwenye hasira za kudumu, alikuwa anaonekana zaidi akiwa kwenye chai kuliko dirishani. Umeme ukikatika, njoo kesho. Vitendanishi, zile dawa wanazochanganya na damu, vikiisha, njoo wiki ijayo. Mimi mwanamke niliwahi kupewa karatasi ya mwanaume, tena mwenye tezi dume. Kwa hiyo niliposikia watu wakisema mashine ya Mwalimu itawafungisha virago wale, mimi pia niliona vyema.

Ila vitu vidogo vilianza kunikaa vibaya. Mzee mmoja mfuga ng'ombe, aliyekuwa mwembamba na anakohoa, aliambiwa safi, akaenda kucheza ngoma ya harusi ya mwanawe, na kabla pamba haijavunwa tulisikia amefariki. Watu walisema karogwa, maana damu yake ilikuwa safi, tena kwa kipimo. Msichana wa saluni aliyekuwa na macho ya njano aliambiwa safi. Sikuwahi kumwona hata mtu mmoja akitoka pale na neno jingine. Nilimwambia Mwalimu.

"Mwalimu, mashine yako haijawahi kukuta mgonjwa?"

"Wasukuma ni watu wenye afya."

"Umeona, au umeambiwa?"

Siku ile hakuja kwenye drafti. Nilijuta kwa kumkosea adabu, lakini nilikuwa namtazama miguu.

Maana wakati huo uvimbe ulikuwa umepanda. Asubuhi uso ulikuwa umejaa, macho yamebaki mistari. Chai aliiacha nusu, anasema ina ladha ya shaba. Alijikuna mikono mpaka ikatoka damu, na kila alipojikuna akatoa tone lingine akaliweka kwenye kadi. Safi. Nikamwomba. Nikamtuma Mzee Duka amwombe. Mkwewe alikuja na bajaji, ikaondoka tupu.

"Niende kufanya nini?" akasema. "Kusubiri Mwanza?"

"Ukapimwe, Mwalimu."

"Nimepimwa." Kisha akapunguza sauti, akaonyesha kwa kidevu watu waliokaa kwenye benchi. "Na hawa wakiniona mimi nimesimama dirishani pale, Fundi, watarudi nyumbani wamebeba nini?"

Hapo nikaelewa kwamba hofu ya sindano ilikuwa ndogo. Alikuwa amewapa watu wengi sana lile neno, na hakuweza kulirudisha la kwake bila kuyarudisha yao yote.

Kulikuwa na bibi wa Nkoma, mkulima wa pamba, mwenye mjukuu wa kike ambaye viganja vyake vilikuwa vyeupe kuliko khanga aliyofunikwa. Yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa akirudi. Kila siku ya mnada alikuja, anaegemeza mtoto ukutani, anasalimia kwa Kisukuma kwa utaratibu wote, yeye akimwita Mwalimu babu, Mwalimu akimwita mama.

"Mwadila, guku."

"Mwadila, mayu."

"Nimefuata majibu."

Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba majibu alishapewa, mashine iliandika safi, kila mtu aliona. Siku hiyo ninayoikumbuka bibi hakusogea.

"Ile siku ya kwanza ulisema nisubiri majibu kwenye simu. Simu hii hapa. Nimeichaji, nimesubiri."

"Mayu, safi ndiyo majibu."

"Aa, guku." Bibi akatikisa kichwa. "Safi ni salamu. Hawa vijana wa mjini ukimuuliza 'mambo' anakwambia 'safi', hata kama jana kazika. Kimashine chako kimeniitikia salamu. Mimi naulizia majibu."

Watu wa benchi walicheka sana, na mimi nilicheka, mpaka nilipomwona Mwalimu. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika mashine kwa mikono yote miwili na midomo yake inarudia kitu polepole, kama mtu anayekumbuka maneno ya somo aliloliruka. Alijaribu kuwapigia wale vijana. Namba haikupatikana. Nadhani ilikuwa haipatikani kwa muda mrefu, ila hapakuwa na aliyepiga.

Usiku huo sikulala vizuri, na kesho yake mchana nilikuwa na wageni kutoka Maswa, wakwe wa dada yangu. Nilimnunua jogoo, nikampelekea Mzee Duka anichinjie, maana fremu zetu hizi kila mtu anakula kwa mwenzake, na wa kuchinja ni yeye Mwislamu. Damu ikatiririka kwenye majani. Nikaitazama. Sikupanga, naapa. Nilichovya kijiti, nikavuka baraza mpaka kwa Mwalimu, watu wote wakiwa wamekaa.

"Mwalimu, niwekee tone hili."

"La nani?"

"Weka kwanza. Mwenyewe hawezi kuja."

Akanitazama juu ya miwani, lakini mkono ulishazoea. Tone likaingia kwenye kadi, kadi ikaingia kwenye mashine. Ikawaza kidogo kama inavyowaza siku zote. Ikawaka kijani.

"Safi," akasema Mwalimu. "Ni ya nani?"

Nikamwinua jogoo kwa miguu, kichwa hana, bado anatupatupa mabawa.

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Mwalimu hakunikemea. Aliinuka kwa shida akishika ukuta, akaenda dukani, akarudi na chupa ya soda nyekundu. Alifanya kila kitu taratibu, kama zamani mezani mwa maabara ya shule, akitugeuzia mashine ili wote tuone. Akadondosha soda kwenye kadi. DAMU: SAFI.

"Kumbe inaangalia kama tone limekaa vizuri," akasema. Sauti ilikuwa ya darasani, haina mtetemo. "Halina povu, halijamwagika pembeni. Tone safi, sasa linaweza kupelekwa kupimwa. Halafu hakuna aliyekuwa analipima."

Akatoa chaki mfukoni. Akaenda mlangoni kwake, akalikata neno MAJIBU kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika SALAMU. Akasimama akilisoma, mikono nyuma, kama alivyofanya kwenye mlango wangu: PATA SALAMU YAKO KWA TONE MOJA. Kisha akageuka, akawaambia watu wa benchi kwamba kila aliyemwambia safi hakumwambia kitu, na kesho Ijumaa asubuhi wakutane hospitali, wao na wenzao wote. Mzee mmoja akatema mate chini karibu na ndala zake. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaona ni haki. Bodaboda zilitumwa Nkoma na kwingineko. Mimi nililia jikoni, na wageni wakadhani ni vitunguu.

Kesho yake alikuja amevaa viatu vyake vyeusi. Kamba zilikuwa zimetolewa na visigino amevikanyaga, lakini vimepigwa rangi. Tulipofika kwenye geti alilokuwa akilikwepa alisimama, nikadhani anaghairi. Alikuwa anatafuta pumzi tu.

Walikuwa wamekuja wengi kuliko nilivyotegemea. Foleni ilitoka dirishani mpaka nje ya korido. Yule dada wa maabara alipoiona alishika kiuno, akasema mambo ambayo sitayaandika, kisha akafunga kilemba vizuri akaanza kazi, na siku ile hakwenda chai. Daktari alishamwona Mwalimu, alimbonyeza miguu, akaandika kipimo cha figo na chini yake akaandika haraka. Kwa karatasi ile angepita mbele. Nilimvuta mkono.

"Twende, Mwalimu. Umeandikiwa haraka."

"Hawa niliwachelewesha mimi," akasema. "Watangulie."

Nilimsihi. Nilimfokea, Mungu anisamehe, mbele za watu. Alikaa mwisho wa benchi, na kila aliyefika baadaye, yeye akampisha apite mbele. Msichana wa saluni akapita, macho yake ya njano akiyaelekeza chini. Bibi wa Nkoma alipofika na mjukuu mgongoni, Mwalimu aliinuka kabisa na kumpa nafasi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, guku. Leo ni majibu?"

"Leo ni majibu."

Na kweli, kabla ya adhuhuri bibi aliitwa kwa jina, tena kwa kelele, muuguzi anakimbia na mtoto mikononi kwenda wodini kuongezewa damu. Bibi alipita mbele yetu akiwa ameshika karatasi kifuani. Mwalimu alitabasamu. Uso ulikuwa umevimba kiasi kwamba tabasamu lilibaki pembeni mwa mdomo.

Zamu yake ilifika mchana umeshainama. Mpira ulipokazwa mkononi nilisimama nyuma yake nimdake. Hakugeuza uso. Aliitazama sindano ikiingia, akatazama chupa ikijaa mpaka juu, kwa makini, kama anayekagua daftari la mwanafunzi asiyemwamini. Kisha nikamkalisha ukutani penye kivuli. Pumzi yake ilikuwa na sauti, na ilikuwa na harufu ambayo sikuipenda.

Nilirudi dirishani kusubiri. Yule dada alitoka mwenyewe, hasira zimemwisha, amechoka. Akaniambia kitendanishi cha figo kimeisha kwa mtu aliyemtangulia mzee wangu. Damu itapelekwa Mwanza. Gari linaondoka Jumatatu. Akasema pole, na akaisema vizuri. Akavuta kile kibao cha dirisha kikafunga.

Nilitembea kurudi kwa Mwalimu huku nikitafuta maneno. Hakuwa amefumbua macho, lakini alizijua hatua zangu.

"Wamesemaje?"

"Bado, Mwalimu. Wamesema gari la Mwanza ni Jumatatu. Wamesema utafika Jumatatu bila shida."

Kidole chake kiligusa chaki mfukoni. Kisha, kwa ile sauti iliyokuwa ikitusimamisha wima, sasa ikiwa ndogo sana:

"Hilo la kufika, Fundi. Umeona, au umeambiwa?"

Nilichuchumaa mbele yake. Nikaupandisha upindo wa suruali, nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, nikautoa, nikasubiri shimo lijae. Nilisubiri mpaka walinzi wakaanza kufunga milango ya korido, na shimo lilikuwa pale pale.

"Nimeambiwa, Mwalimu," nikasema.